Likizo ya Desemba, binti alale wapi?

Mzazi wa Busawe, Serengeti, mwenye binti wa darasa la sita au la saba hupiga hesabu zake mapema. Shule zinakaribia kufungwa, na kama mwaka unagawanyika kwa mbili, wazee wa mila wameshakaa ritongo, baraza lao, na msimu wa saro, yaani tohara, unajulikana. Wiki hizo chache kabla ya Januari ndizo ngariba wanazofanyia kazi. Mzazi asiyetaka mwanawe akeketwe ana njia nne, na bei zake hazifanani hata kidogo.

Kumwacha nyumbani kunaonekana hakuna gharama. Baba na mama wakiwa kitu kimoja, inawezekana. Lakini bibi yupo, shangazi yupo, na binti anayeitwa msagane, yaani asiyekeketwa, kila akienda kisimani anaweza kuchoka na kwenda kwa ngariba kwa miguu yake mwenyewe. Hapo ndipo bili inapokuja: damu, kidonda, na miaka mbele uzazi wa shida. Kuna na bili ya serikali. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, mwenye ulezi wa binti wa chini ya miaka 18 anayemkeketa au kusababisha akeketwe anafungwa miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Wapo wanaoitazama faini wakailinganisha na ng'ombe wa mahari. Watazame miaka.

Kumpeleka kwa ndugu Musoma au Mwanza ni nauli ya kwenda na kurudi, sabuni, na chochote cha kumsaidia mwenyeji. Ni njia nzuri kama unamjua vizuri huyo ndugu na watu anaoishi nao. Kama humjui, binti anaweza kugeuzwa mtumishi wa ndani, na hakuna ofisa atakayepita kumwulizia.

Kambi ya masomo ndiyo inayopendwa zaidi na wenye uwezo kidogo. Mwaka mmoja nilimpeleka wangu. Mchango ulikuwa wa kawaida: debe la mahindi, maharage, kuni, hela ya mpishi, na godoro lako mwenyewe. Bweni lilikuwa darasa lililotolewa madawati. Madirisha yote yalikuwa yamechomelewa nondo, mlango mmoja tu, na usiku kufuli linafungwa kwa nje. Nikauliza ufunguo analala nao nani. Nikaambiwa mwalimu, na nyumba ya mwalimu ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa mpira. Nililikunja godoro lile lile nikarudi na mwanangu. Nilikuwa nakumbuka Idodi, Iringa, mwaka 2009, wasichana 12 walivyokufa bwenini kwa moto, na shule ya Byamungu, Kyerwa, Septemba 2020, watoto 10. Debe la mahindi halininunulii mlango wa pili. Kwa wadogo hata msihangaike: tangu Machi 1, 2023, waraka wa Kamishna wa Elimu umezuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu.

Njia ya nne ni kituo cha wanaokimbia ukeketaji. Wilaya ya Tarime ina kituo cha Masanga. Mji wa Mugumu, Serengeti, ulipata Nyumba Salama mwaka 2014 chini ya Kanisa Anglikana, na Rhobi Samwelly, aliyeisimamia, mwaka 2017 akaanzisha Hope for Girls and Women Tanzania, yenye nyumba Butiama na Serengeti. Chakula na malazi mzazi halipi, wanalipa wafadhili. Anacholipa ni maneno ya ukoo, na pengine ng'ombe, kwa kuwa wapo wanaopunguza mahari ya asiyekeketwa. Msimu ukipamba moto nyumba hizi hujaa, kwa hiyo binti asitegemee raha.

Hata hivyo, kwangu mimi hii ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu ya geti lake. Binti anapokelewa kwa kuandikishwa, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na ustawi wa jamii wakiwa na taarifa. Akija mjomba na pikipiki akasema bibi anaumwa, hapewi mtoto. Hata baba hapewi hivi hivi. Msimu ukiisha wazazi huitwa, huzungumzwa nao, na huahidi kwa maandishi mbele ya maofisa kwamba hatakeketwa. Ambaye kwao bado ni hatari hubaki. Wapo wazazi wanaoona huo ni ukali, hata dharau. Mimi ndipo ninapopata imani: kituo kinachoweza kunikatalia mimi mwanangu kitamkatalia na ngariba.

Kwa hiyo kambi yoyote utakayoiendea, ya kulipia au ya bure, usianze na bei. Uliza ufunguo unalala wapi, nani mwanamke anayelala na watoto, na nani anaruhusiwa kumchukua binti na kwa karatasi gani. Msimamizi akijibu kwa kusitasita, chukua godoro lako.

Na kama huna hata nauli ya kufika Mugumu, usisubiri shule zifungwe. Nenda kwa ofisa mtendaji wa kijiji au kwa mwalimu unayemwamini, au piga 116, simu ya kumsaidia mtoto. Haikatwi salio.