Filamu Zinazojaza Majumba ya Sinema, Mbona Hazipati Oscar?

Ukipita Seventh Street katikati ya jiji la Saint Paul, Minnesota, utauona mgahawa mdogo wenye umbo la behewa la treni, Mickey's Diner. Mgahawa huo umo kwenye Jingle All the Way, filamu ya Arnold Schwarzenegger ya mwaka 1996 iliyorekodiwa katika jiji hilo na jirani yake Minneapolis.

Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 120 duniani, lakini haikuteuliwa kuwania Oscar hata moja.

Mwaka huo huo Joel na Ethan Coen, ndugu waliokulia St. Louis Park, pembeni mwa Minneapolis, walitoa Fargo. Mapato yake yalikuwa kama nusu tu ya mwenzake. Hata hivyo Machi 1997 iliwania Oscar saba na kuondoka na mbili, ikiwemo ya mwigizaji bora wa kike, Frances McDormand.

Kwa nini iwe hivyo?

Kwanza, wanaopiga kura si watazamaji bali watu wa fani wenyewe. Katika uteuzi, waigizaji huteua waigizaji na wahariri huteua wahariri. Tiketi uliyonunua haihesabiwi.

Pili, filamu kubwa nyingi husifiwa kwa sauti na mbinu za kompyuta, hivyo huishia kupewa tuzo za ufundi.

Tatu, filamu ndogo huihitaji tuzo ili iuzike, kwa hiyo wenyewe huipigia debe kwa nguvu zote. Kubwa imeshauza.

Lawama zilipamba moto mwaka 2009, pale The Dark Knight, iliyoingiza dola bilioni 1, ilipokosa kuteuliwa kuwania filamu bora. Miezi michache baadaye nafasi za kuwania zikaongezwa kutoka 5 hadi 10. Hata hivyo Machi 2010 Avatar, iliyovunja rekodi ya mapato duniani, ilibwagwa na The Hurt Locker.

Si kwamba haiwezekani. Titanic mwaka 1998 na The Lord of the Rings mwaka 2004 zilizoa tuzo 11 kila moja.

Waafrika Mashariki wa huku wanaukumbuka usiku wa Machi 2, 2014. Barkhad Abdi, Msomali wa Minneapolis, aliwania Oscar kwa Captain Phillips, filamu iliyoingiza zaidi ya dola milioni 200. Filamu hiyo iliteuliwa mara sita na kurudi mikono mitupu. Usiku huo huo Mkenya Lupita Nyong'o akanyakua Oscar yake kwa 12 Years a Slave.

Nyumbani nako, Steven Kanumba hakuwahi kupata Oscar. Lakini alipofariki Aprili 2012, maelfu ya watu walifurika viwanja vya Leaders, Dar es Salaam, kumuaga.

Ile nayo ilikuwa kura, na waliopiga ni watazamaji.