Sisimizi Kwenye Nepi: Kisukari cha Mtoto Mchanga

Mara nyingi tumezungumza nanyi juu ya kisukari cha watu wazima, na wengi wenu mnakifahamu kwa sababu kipo nyumbani mwenu. Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya kisukari cha namna nyingine, kile ambacho mtu huzaliwa na chanzo chake mwilini. Ni adimu sana. Tunakiandika kwa sababu kimewahi kufika wodini kwetu nasi hatukukitambua.

Mwaka 2017 mama mmoja kijana kutoka kijiji kimojawapo cha hapa Ikungi alituletea mtoto wa wiki kumi. Mtoto alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, anahema kwa haraka na kwa nguvu. Ulikuwa msimu wa mvua na wodi ilijaa watoto wa malaria. Tulimpima malaria, hakuwa nayo. Kwa jinsi alivyokuwa akihema tukasema ni nimonia, tukaanza sindano. Kwa kuwa alishindwa kunyonya tulimtundikia dripu, na ndani ya dripu hiyo mlikuwa na sukari.

Mama yule alituambia jambo moja: "Sista, huyu anakojoa mno, na nepi zake nikiziweka chini zinajaa sisimizi." Tulimjibu kwamba sisimizi wako kila mahali, tukaendelea na kazi.

Usiku wa pili muuguzi wa zamu aliwaona sisimizi wenyewe, wamepanga mstari kutoka dirishani hadi kwenye nepi iliyokuwa chini ya kitanda. Akaenda wodi ya wakubwa, akaazima mashine ya kupima sukari, akamchoma mtoto kisigino. Mashine haikutoa namba, ilionyesha tu kwamba sukari imepita uwezo wake wa kupima. Daktari aliitwa, dripu ikabadilishwa, insulini ikaanza. Mtoto alifariki kabla ya jua kuchomoza. Mashine ile ilikuwa hatua arobaini kutoka kitandani kwake tangu siku ya kwanza.

Ni ugonjwa gani huu?

Kisukari tunachokiona kwa watoto wengi, hasa wa shuleni, huja pale kinga ya mwili inapogeuka na kuliharibu kongosho, yaani kiungo kinachotengeneza insulini. Watoto hao wanahitaji sindano za insulini maisha yao yote. Lakini kisukari kinachoanza kabla ya mtoto kutimiza miezi sita, mara nyingi sana si hicho. Chanzo chake huwa ni hitilafu katika chembe moja ya urithi, zile chembe tunazopokea kutoka kwa baba na mama, ambazo ndizo zinazoupa mwili maagizo ya kazi. Agizo moja likikosewa, kongosho linashindwa kutoa insulini ingawa viungo vingine vimekamilika. Inakadiriwa kwamba hupata hali hii mtoto mmoja katika watoto 100,000 hivi wanaozaliwa, na wako wanaokufa wakihesabiwa kuwa ni wa malaria au nimonia.

Dalili zake mama anaweza kuziona kabla ya daktari. Wengi wa watoto hawa huzaliwa wadogo, kwa sababu insulini ndiyo humkuza mtoto tumboni. Hunyonya kwa pupa, lakini mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki haupandi. Nepi zinalowa kila mara, tena mkojo unanata. Baadaye huja kutapika, kulegea na kuhema kwa nguvu, na hapo saa zinahesabika. Mtoto wa namna hii apimwe sukari hapo hapo. Tone moja la damu linatosha, na jibu hupatikana kabla hujamaliza kumfunga nepi nyingine. Ni kweli kwamba mtoto aliye mahututi, au aliye kwenye dripu ya sukari, anaweza kupandisha sukari kwa muda tu. Kwa hiyo kipimo hurudiwa. Lakini lazima kwanza kiwepo cha kurudia.

Tuseme pia jambo linalowachanganya wengi. Karibu nusu ya watoto hawa hupona wenyewe baada ya wiki au miezi kadhaa, kisha kisukari huweza kurudi wakiwa vijana. Mzazi aliyekuwa akimpeleka mtoto kwa mganga katika miezi ile ataamini kwamba dawa ya mganga ndiyo iliyoponya. Hatumlaumu, maana amemwona mtoto amenenepa kwa macho yake mwenyewe. Ila amweleze daktari habari hiyo yote, kwa sababu kijana huyo atahitaji kuangaliwa tena.

Vidonge vya bibi

Mwaka 2004 madaktari wa Exeter, Uingereza, pamoja na wenzao, walitangaza kwamba wameigundua mojawapo ya chembe hizo za urithi. Fikirini kihenge kilichojaa mtama, lakini mlango umekwama. Ndivyo kongosho la watoto hao lilivyo. Insulini imo, ila haitoki. Na dawa ya kuuregeza mlango ule ilikuwa ikijulikana zamani. Ni glibenklamaidi, kidonge ambacho wazee wetu wengi wenye kisukari wamekimeza kwa miaka mingi, na bei yake si kubwa.

Mwaka 2006 walitoa taarifa ya wagonjwa 49 wenye hitilafu hiyo waliojaribishiwa vidonge, na 44 kati yao waliacha kabisa sindano za insulini. Wamo waliokuwa wakichomwa sindano tangu wakiwa wachanga. Nasi tunaojua mapaja ya mtoto anayechomwa kila siku yanavyokuwa, na tabu ya kutunza insulini ndani ya mtungi wa maji katika nyumba isiyo na umeme, tulisoma habari hiyo mara mbili.

Hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Mtoto yeyote mwenye kisukari aanze na insulini, kwa maana ndiyo inayookoa maisha usiku ule. Vidonge huja baadaye, wodini, chini ya daktari, baada ya chanzo kujulikana, na kipimo chake kwa watoto hawa kinahesabiwa kwa uzito na si kile cha bibi. Mzazi wa mtoto wa miaka minane asije akasoma ukurasa huu akaacha sindano na kuchukua kidonge cha babu. Kisukari cha mtoto huyo karibu daima ni kile cha kawaida, na bila insulini anaweza kufa katika siku chache.

Kipimo chenyewe cha chembe za urithi hakifanyiki katika hospitali za wilaya kama yetu. Kinachowezekana ni rufaa kwa daktari bingwa wa watoto. Tangu mwaka 2008 madaktari wa nchi zetu wamekuwa wakifundishwa Nairobi katika fani ya kisukari na homoni za watoto. Daktari anaweza kupeleka damu kidogo ng'ambo, na maabara ya Exeter imekuwa ikiwapima bila malipo watoto wa nchi yoyote ambao kisukari chao kilijulikana kabla ya miezi tisa.

Kwa wakubwa tuseme kwa kifupi. Iko aina nyingine ya urithi ambayo daktari Robert Tattersall aliieleza mwaka 1974, inayoanza ujanani, mara nyingi kabla ya miaka 25, kwa mtu asiye mnene, na ambayo mzazi wake na babu au bibi yake walikuwa nayo. Wengine kati yao huenda vizuri kwa vidonge kidogo tu. Wengine sukari yao hukaa juu kidogo maisha yote wala haihitaji dawa, isipokuwa pengine wakati wa ujauzito. Kwa hiyo ukiulizwa kliniki kama kuna kisukari katika ukoo, usijibu "sijui" upesi. Kamuulize shangazi.

Nani aliyeleta?

Mama yule wa mwaka 2017 alirudi kwetu mwaka 2021 akiwa mjamzito wa miezi saba. Alikaa muda mrefu kwenye benchi kabla ya kusema. Nyumbani mama mkwe alikuwa akisema kwamba ugonjwa ule umetoka upande wake, na kwamba huyu wa pili naye atakwenda. "Sista, ni kweli ni mimi?"

Tulimweleza kwamba mara nyingi hitilafu hii huanza kwa mtoto mwenyewe, baba hana wala mama hana. Ziko aina ambazo wazazi wote wawili wamebeba bila kuumwa, na hapo kila mimba ina nafasi moja katika nne. Ikiwa mzazi mmoja ndiye mgonjwa, nafasi huweza kuwa nusu. Kwa mtoto wake hatukuwahi kupeleka damu, kwa hiyo hatukuweza kumwambia ni ipi kati ya hizo. Tulichoweza kumwambia ni kwamba hakuna alichokula, alichofanya wala alichoacha kufanya kilichosababisha. Tulimwomba aje na mama mkwe siku ya pili. Walikuja wote wawili, na mama mkwe alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

Mtoto wa kike alizaliwa salama, kilo tatu na zaidi kidogo. Tulimpima sukari siku alipozaliwa, kisha kila alipoletwa kupimwa uzito. Mama alitaka kusoma namba mwenyewe, nasi tulimfundisha. Katika ziara ya mwezi wa sita ni mama mkwe aliyemshika mtoto mguu, na mama akaisoma kwa sauti: nne nukta nane. Akaomba tuiandike kwenye kadi.