Mkongojo na Njia Yake

Mvua ikishika Kitengela, ukitoka kwenye lami ya barabara ya Namanga hatua chache tu, udongo mweusi unakunata miguuni. Jua likiwaka, udongo huo huo unapasuka nyufa za kumeza kisigino. Anayemnunulia mgonjwa kifaa cha kutembelea aanzie hapo: huyu mtu hupita wapi akienda chooni, na wapi akienda stejini?

Woka yenye magurudumu madogo hupendwa kwa sababu inaonekana ya kisasa. Kwenye sakafu ya hospitali inakwenda vizuri. Kwenye changarawe inakwama na mzee anaiangukia. Mkongojo wa miguu minne nao husifiwa mno, kwa maoni yangu. Hutulia pale tu miguu yote inapogusa chini, na kwenye vijia vya mawe vya Kajiado huyumba kama meza ya kibanda. Kwa njia hizo, mkongojo wa mguu mmoja wenye mpira mpana mara nyingi hufaa zaidi. Aliyepungukiwa nguvu kuliko hapo atumie magongo ya kiwiko.

Fimbo ya mzee wa Kimaasai je? Humsaidia kushika mizani kwenye mteremko, nami sitathubutu kumwambia aiache nyumbani. Ila ni nyembamba, haina kishikio, na haikuchongwa kubeba uzito wa mtu mwenye nyonga mbovu.

Kupima hakuhitaji mashine. Mgonjwa avae viatu vyake vya kila siku, asimame wima, mikono ilegee. Kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, ili akishika kiwiko kipinde nyuzi 20 hadi 30. Mkongojo mrefu humpandisha bega, mfupi humwinamisha. Magongo ya kwapani yaache nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na uzito ubebwe na viganja. Anayeyaning'inia kwa makwapa hubana mishipa ya fahamu, na mkono unaweza kulegea.

Wengi hushika mkongojo upande wa mguu unaouma. Ushikwe upande wa pili. Ukisimama kwa mguu mmoja, misuli ya nyonga ya mguu huo huvuta kwa nguvu ili kiuno kisiinamie upande usio na nguzo, na mvuto huo ndio unaokandamiza kiungo kinachouma. Mkono wa upande wa pili ukisukuma chini hata kidogo, misuli hiyo hupumzika. Kwenye ngazi za fleti zisizo na lifti, mguu mzima hutangulia kupanda, mbovu hutangulia kushuka, na mkongojo huandamana na mbovu.

Kuhusu gharama, ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ndilo la kuuliziwa. Kifaa kikitolewa bure, bado dai upimwe.

Mpira wa chini ukishakuwa laini, badilisha. Msimu wa matope uoshwe mlangoni, maana tope likiingia nao sebuleni, vigae huwa hatari kuliko njia ya nje.