Video Inakwama? Pima Kabla ya Kununua SSD

Mteja akipeleka dukani kompyuta mpakato ya mtumba na kulalamika kwamba video za YouTube zinakwamakwama, ushauri anaopewa siku hizi karibu kila mahali ni mmoja: toa hadi diski, weka SSD. Ushauri huo una ukweli ndani yake, ndiyo maana umeenea. Sijui kifaa kingine kilichozirudishia uhai kompyuta kongwe kama SSD. Lakini kuhifadhi data na kuonyesha video ya mtandaoni ni kazi mbili, zinafanywa na sehemu tofauti za mashine, na fedha ya kutibu moja haiiponyi nyingine. Mtu anayejibana miezi kadhaa ili apate SSD ya gigabaiti 256 anastahili kuelezwa hilo kabla hajafungua pochi.

Tuanze na hadi diski. Ndani yake mna sahani zilizopakwa utando wa sumaku, zinazunguka, na kichwa cha kusomea kinasogea juu yake. Kwenye kompyuta mpakato nyingi sahani hizo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, maana yake mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 11. Data inayotakiwa ikiwa imeshapita, kichwa hakina la kufanya ila kusubiri izunguke tena. Kwa wastani husubiri nusu mzunguko, na kabla ya hapo kimeshatumia milisekunde kumi hivi kuufikia mstari unaohusika. Jumlisha, utaona kwamba diski hiyo hujibu maombi 60 au 70 tu kwa sekunde iwapo kila ombi linagusa mahali tofauti. Windows inapowaka husoma maelfu ya faili ndogondogo zilizotawanyika. Ule muda mrefu wa kuangalia skrini huku taa ya diski ikimetameta unatoka hapo.

SSD haina kinachozunguka. Data imekaa kwenye chipu za kumbukumbu ya flashi ya aina ya NAND, ambayo Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba, Japani, waliitangaza mwaka 1987. Kila seli hunasa elektroni na kuzishikilia hata umeme ukizimwa. Kusoma mahali popote huchukua takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde, pawe mwanzoni au mwishoni mwa diski. Kwa maombi madogo yaliyotawanyika, SSD huishinda hadi diski kwa zaidi ya mara mia. Kwa faili moja kubwa inayosomwa mfululizo tofauti hupungua sana: hadi diski hutoa kama megabaiti 100 kwa sekunde, SSD ya SATA karibu 550.

Ishike hiyo namba ya 100. Video ya YouTube ya 1080p hutumia takriban megabiti 4 hadi 5 kwa sekunde. Biti nane ni baiti moja, kwa hiyo tunazungumzia megabaiti 0.6 kwa sekunde, au chini ya hapo. Hadi diski iliyozeeka inaweza kutoa kiasi hicho mara mia na zaidi. Tena video ya mtandaoni kwa kawaida haiingojei diski: vipande vyake huingia kutoka kwenye mtandao, hukaa kwenye RAM, huchezwa, vikaondoka. Kwa hesabu hii peke yake, diski imeshatoka kwenye orodha ya watuhumiwa.

Mbona basi wapo wanaoapa kwamba walipoweka SSD YouTube ilinyooka? Wanasema kweli, na sababu yao inafaa kueleweka. Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4 ikifunguliwa kivinjari chenye kurasa kumi, RAM hujaa. Mfumo wa Windows haukati tamaa. Huchukua sehemu ya kilichomo kwenye RAM na kukiandika kwenye diski, kisha hukirudisha kinapohitajika. Safari hizo za kwenda na kurudi ndiyo maombi madogo yaliyotawanyika, yale yale yanayoishinda hadi diski. Task Manager huonyesha diski imefika asilimia 100, kivinjari huganda, na video iliyokuwa ndani ya kivinjari huganda nacho. Ukiweka SSD, safari zile huharakishwa na kila kitu huonekana kupona. Ila kilichopungua kilikuwa RAM. Kuifikisha gigabaiti 8 kungeondoa tatizo kwenye shina lake, mara nyingi kwa gharama ndogo kuliko ya SSD.

Hayo ni ya mashine yenye RAM haba. Mkwamo wa aina ya pili unatoka kwenye mtandao, na huu kila mtu anaujua: picha na sauti husimama pamoja, kiduara kinazunguka. Video hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na kicheza video ndani ya kivinjari hupakua vipande vya mbele kabla hujavifikia. Akiba hiyo hufanya kazi ya tangi la maji juu ya paa: mgao ukikatika kwa muda, bomba linaendelea kutoa, mpaka tangi liishe. Mtandao ukidhoofika, kicheza video huomba vipande vya ubora wa chini, ndipo sura za watu zinapofifia katikati ya mazungumzo. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, watumiaji wa Tanzania na Kenya walikuwa na kompyuta zile zile walizokuwa nazo jana yake. Hakuna diski duniani ambayo ingewasaidia siku ile.

Aina ya tatu ndiyo inayowachanganya hata mafundi, nayo ni ya kodeki.

Fremu moja ya video ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa 1,080, jumla 2,073,600. Kila pikseli ikipewa baiti tatu za rangi, fremu moja ni megabaiti 6.2. Kwa fremu 30 kila sekunde, hizo ni megabaiti 187 kwa sekunde. Hakuna bando la simu linaloweza kubeba mzigo huo. Kodeki hupunguza megabaiti 187 zikawa 0.6, yaani mara mia tatu hivi, kwa kutumia ukweli kwamba fremu mbili zinazofuatana hufanana mno. Fremu moja hutumwa nzima, kisha zinazofuata hutumwa kama maelekezo: kisanduku hiki cha pikseli chukua kutoka fremu iliyopita, kisogeze kushoto kidogo, ongeza tofauti hii ndogo. Mtangazaji wa habari ameketi, ukuta nyuma yake hausogei. Ukuta huo hauna haja ya kutumwa tena.

Kompyuta yako ndiyo inayolazimika kuyageuza maelekezo hayo kuwa picha, na ina milisekunde 33 kwa kila fremu, au chini ya 17 ikiwa video ni ya fremu 60 kwa sekunde. Ikichelewa, fremu hutupwa. Sauti huendelea vizuri kwa sababu kuifumbua ni kazi nyepesi, lakini picha inarukaruka, feni inavuma na chini ya mashine panachoma mapajani. Sauti inatiririka, picha inakatika: ukiona hivyo, acha kulaumu mtandao na acha kulaumu diski.

Kazi hii inaweza kufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza, prosesa kuu hupiga hesabu zote kwa programu, nayo huchosha mashine. Ya pili, ndani ya chipu mna sakiti maalumu iliyotengenezwa kwa ajili ya kodeki fulani na si nyingine, nayo huimaliza kazi kwa umeme kidogo sana. Ndiyo maana simu ya bei nafuu huonyesha video laini kwa saa nyingi bila kupata moto, huku kompyuta yenye nguvu kubwa kuliko simu hiyo ikihema. Simu ina sakiti ya kodeki inayotumika. Kompyuta ile haina.

Na kodeki zimekuwa zikibadilika. YouTube ilianza mwaka 2005 ikitegemea Flash, programu ya nyongeza iliyokuwa ikielemea prosesa, na ambayo, licha ya jina, haihusiani kwa lolote na chipu za flashi. Januari 2015 YouTube ilikifanya kicheza video cha HTML5, kilichomo ndani ya kivinjari chenyewe, kuwa chaguo lake la kwanza, na mwisho wa 2020 Adobe ikaizika Flash rasmi. Kwa miaka mingi kodeki iliyotawala ilikuwa H.264, iliyokamilishwa 2003, na karibu kila kompyuta ya miaka ya 2010 ina sakiti yake. Kisha Google ikaleta VP9 mwaka 2013, na muungano wa kampuni kadhaa ukaleta AV1 mwaka 2018. Kodeki hizi mpya hazitozi ada ya leseni, na hupunguza data kwa kiasi kikubwa bila kuharibu picha. Anayelipia usafirishaji wa video kwa mabilioni ya watazamaji ana kila sababu ya kuzipenda. Gharama imehamia kwa mtazamaji mwenye mashine kongwe, kwa sababu hesabu za kuzifumbua ni nzito zaidi.

Hapa ndipo mnunuzi wa Kariakoo au wa katikati ya Nairobi anapohusika moja kwa moja. HP EliteBook 840 G3 na 840 G4 hupangwa kwenye rafu moja na kwa macho ni pacha. G3 hutumia prosesa za Intel za kizazi cha sita. G4 imeletwa na kizazi cha saba. Kizazi cha saba ndicho cha kwanza cha Intel kufumbua VP9 kikamilifu kwa sakiti yake. Kwa AV1 itabidi ufike kizazi cha 11, cha mwaka 2020. Ukiweka SSD ya kasi kuliko zote kwenye G3, itawaka kwa sekunde chache, na bado video ya 4K itaielemea prosesa yake vile vile kama jana.

Kupima ni kazi ya dakika mbili. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya video ya YouTube na uchague mstari wa mwisho, ule wa takwimu. Utaona jina la kodeki: avc1 ni H.264, vp09 ni VP9, av01 ni AV1. Utaona pia idadi ya fremu zilizotupwa, na kiasi cha akiba kwa sekunde. Akiba ikishuka hadi sifuri, mtandao ndio mkosaji. Akiba ikiwa imejaa na fremu zinatupwa, prosesa imezidiwa. Vyote viwili vikiwa sawa lakini mashine nzima inaganda, fungua Task Manager uangalie RAM na diski.

Aliyezidiwa na kodeki ana dawa isiyogharimu kitu. Kiendelezi cha kivinjari kiitwacho h264ify huifanya YouTube itume H.264 badala ya VP9 au AV1, na mashine kongwe hutulia papo hapo. Kina masharti mawili: YouTube haitoi H.264 zaidi ya 1080p, na bando litaliwa haraka zaidi. Mwenye intaneti ya mwezi isiyo na kikomo asisite kukitumia. Anayenunua data kwa megabaiti ni bora ashushe ubora hadi 720p au 480p, maana hapo prosesa na bando hupumua pamoja.

Kuna mahali ambapo SSD na video vinakutana kweli, napo ni upande wa anayetuma. Seva ya kampuni ya video huhudumia maelfu ya watu kwa wakati mmoja, kila mmoja yuko kwenye filamu tofauti, dakika tofauti. Kwa diski ya kuzunguka hilo ni balaa, kichwa kimoja kinaitwa pande zote. Mwaka 2017 Netflix ilieleza jinsi seva yake moja yenye SSD za NVMe ilivyofikia kutuma gigabiti 100 kwa sekunde. Gawanya kwa megabiti 5 kwa mtazamaji, unapata watu 20,000 kutoka boksi moja.

Ipo pia hofu kwamba kutazama video kunaimaliza SSD. Ni kweli kwamba seli za flashi huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa. Kusoma hakuzidhuru kwa kiasi cha kujali. Ila pima ukubwa wa hatari. SSD ya gigabaiti 250 ya hali nzuri huweza kudhaminiwa kwa terabaiti 150 za kuandikwa. Tuseme unatazama saa mbili kila siku na kivinjari kinaandika kila baiti kwenye diski: ni gigabaiti 4.3 kwa siku, na terabaiti 150 zingekuchukua zaidi ya miaka 90. Kati ya 2013 na 2015 tovuti ya Marekani, Tech Report, iliziandika SSD sita mfululizo mpaka zife. Zote zilipita terabaiti 700, na ya mwisho, Samsung 840 Pro, ilikufa baada ya kupita terabaiti 2,400. Kinachostahili hofu kwetu ni umeme kukatika ghafla wakati diski inaandika, na SSD bandia zinazojitangaza kuwa na gigabaiti zisizo nazo. Ya kwanza hudhibitiwa na betri nzima au UPS. Ya pili hugunduliwa kwa programu ya bure kama H2testw, inayojaza diski yote na kuisoma tena; iendeshe kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha.

Kwa hiyo, ukiwa na kompyuta yenye hadi diski inayochelewa kuwaka na kufungua programu, nunua SSD bila wasiwasi. Ukiwa na RAM ya gigabaiti 4, anza na RAM. Ukiwa na SSD na RAM ya kutosha na bado picha inarukaruka, tafuta kwanza kizazi cha prosesa yako na kodeki unayotumiwa. Na fundi akikwambia weka SSD, mwombe afungue takwimu za video mbele yako kabla hujamlipa.