Mjamzito atembee au akae ndani?



Mpwa wangu yuko kwangu hapa Durban, mimba ya miezi mitano. Januari alitoka saa tano asubuhi kwenda kutembea ufukweni, akarudishwa na majirani: kizunguzungu, miguu haimbebi. Dada yangu aliposikia kule Tanga akapiga simu hapo hapo: "Kaka, mtoto asitoke tena mpaka ajifungue!" Udaktari wangu mimi ni wa isimu, si wa uzazi, lakini ugomvi umeingia sebuleni kwangu, ikabidi nisome na kumsindikiza kliniki. Haya ndiyo niliyoelewa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamshauri mjamzito asiye na tatizo afanye mazoezi ya wastani walau dakika 150 kwa wiki. Yanapunguza uwezekano wa kupata kisukari cha mimba na shinikizo la damu. Wastani maana yake unatembea huku unaweza kuzungumza. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo.

Kumbe kosa lilikuwa saa, si kutembea. Kiangazi cha Durban kina unyevu kama wa pwani yetu: jasho linatoka lakini halikauki, kwa hiyo mwili haupoi. Sasa tunatoka saa kumi na mbili asubuhi, chupa ya maji mkononi, njia tambarare kutoka uShaka kuelekea Blue Lagoon. Nusu saa, siku tano: ndizo dakika 150.

Kuogelea nako ni kuzuri, maji yanabeba uzito. Ila aache michezo ya kugongana na ya kuanguka, ikiwemo kuteleza juu ya mawimbi, maana tumbo linahamisha mizani ya mwili. Kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa pia hapana. Na baada ya miezi mitatu ya mwanzo, asifanye mazoezi amelala chali: tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni.

Akiona damu, maji yakivuja, kifua kikiuma, kichwa kikigonga sana au tumbo likikaza mara kwa mara, aache na aende hospitali. Na mwenye kondo lililofunika mlango wa kizazi, au upungufu mkubwa wa damu, amsikilize daktari wake kwanza.

Nilimkumbusha dada kwamba bibi yetu alilima mpaka siku ya uchungu. Akanijibu, "Na nani alimuuliza kama amechoka?"

Hapo alinishika, jamani. Jembe halikumpa bibi hiari. Matembezi yanampa mpwa wangu ruhusa ya kukaa kwenye benchi. Nilipomweleza hivyo, dada akanyamaza. Siku hizi anapiga simu kila asubuhi: "Mmesharudi?"