Bhimbetka: Mapango ya shujaa wa Kihindu yenye michoro iliyomtangulia

KARIBU kilomita 45 kusini mashariki mwa Bhopal, mji mkuu wa jimbo la Madhya Pradesh katikati ya India, kuna vilima vya mawe vilivyozungukwa na msitu, ambavyo kwa vizazi vingi wenyeji wamevihusisha na mmoja wa mashujaa wakubwa wa Kihindu.

Mahali hapo panaitwa Bhimbetka, jina lenye maana ya mahali alipoketi Bhima. Katika Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa Wahindu, Bhima ni wa pili kati ya ndugu watano wa ukoo wa Pandava, mtu wa miraba minne anayesifika kwa nguvu zake na kwa ulaji wake. Inasimuliwa kwamba ndugu hao walipofukuzwa katika ufalme wao walizunguka misituni, na kwamba Bhima alikuwa akipumzika juu ya miamba hiyo.

Hata hivyo, mgeni anayepanda huko kwa matumaini ya kuona sura ya Bhima ukutani hataiona. Atakayoyaona ni makundi ya kulungu, nyati, tembo, tausi na nyoka, wawindaji wenye pinde na mishale, na watu wanaocheza ngoma wakiwa wameshikana mikono. Sehemu kubwa ya michoro hiyo ilichorwa maelfu ya miaka kabla utenzi huo haujatungwa.

Mwaka 1888 eneo hilo liliandikwa katika kumbukumbu za utawala wa Waingereza, kutokana na maelezo ya wenyeji, kuwa ni masalia ya dini ya Kibudha. Halikutafutwa zaidi hadi mwaka 1957, ambapo mtaalamu wa mambo ya kale wa India, V. S. Wakankar, aliiona miamba hiyo akiwa safarini kwa treni kuelekea Bhopal. Ilimkumbusha mapango aliyokuwa ameyaona Ufaransa na Hispania. Alirudi na wenzake, wakaikuta michoro.

Tangu hapo yamehesabiwa mapango zaidi ya 700 katika eneo zima, ingawa wageni hupitishwa katika njia fupi yenye mapango kumi na tano hivi. Mwaka 2003 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Pango linalowachelewesha wageni wengi ni lile lililopewa jina la Mwamba wa Wanyama. Mamia ya wanyama wamejazana katika ukuta mmoja, wengine wakiwa wamechorwa juu ya migongo ya wenzao. Msongamano huo ndio unaowasaidia wataalamu kupanga umri wa michoro, kwa kuwa picha iliyo chini ndiyo iliyotangulia. Katika tabaka za juu huonekana wapanda farasi wenye panga na ngao, mambo ya zama za wafalme, pamoja na viumbe wa kiroho na magari yanayopita angani, ambayo yanaelekea zaidi kwenye imani zinazojulikana leo. Kwa hiyo ukuta mmoja uliwahudumia wawindaji wa kale na, baada ya muda mrefu sana, watu waliokuwa na dini ya mahekalu.

Rangi zilizotumika zaidi ni nyekundu na nyeupe. Nyekundu ilitokana na mawe yenye madini ya chuma yaliyosagwa, na imedumu kwa sababu ilipenya ndani ya mwamba, huku paa la pango likiizuia mvua na jua. Pale ambapo maji huchuruzika ukutani, picha zimefifia au zimetoweka. Jasho na mafuta ya mikono nayo huharibu rangi, na ndiyo maana wageni hukatazwa kuigusa michoro. Katazo hilo lina uzito kuliko linavyochukuliwa na wengi wanaokwenda kupiga picha za familia.

Nyuki pia wana sehemu yao katika historia ya mahali hapo. Mwaka 2021 kundi la wanasayansi lilitangaza kwamba alama iliyo juu ya ukuta wa pango kubwa la kwanza ilikuwa ni mabaki ya Dickinsonia, kiumbe wa baharini aliyeishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Habari hiyo ilienea duniani. Mwaka 2023 watafiti wengine waliichunguza alama ileile, wakaikuta imeanza kubanduka, na wakaonyesha kuwa yalikuwa mabaki ya mzinga wa nyuki uliooza. Wale wa kwanza walikubali.

Katika kuyatambua mapango hayo, UNESCO ilitaja pia vijiji 21 vilivyo jirani, ambavyo mila za wakazi wake zinafanana kwa karibu na maisha yaliyochorwa miambani. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka michoro ya Kondoa, iliyoingia katika orodha hiyohiyo mwaka 2006, ambako wenyeji bado hufanya matambiko ya mvua na ya uponyaji katika baadhi ya mapango. Huko Bhimbetka nako, karibu na njia ya wageni, lipo hekalu dogo la pangoni ambamo waumini huingia kusali kwa mungu wao wa kike bila kujishughulisha na michoro.

Kwa anayepanga safari, miezi ya Oktoba hadi Machi ndiyo inayofaa, kwani kuanzia Aprili joto hupanda kupita nyuzi 40 na mawe huwaka kama kikaango. Gari la kukodi kutoka Bhopal linatosha kwa safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Anayetaka kuona kazi ya Wahindu wenyewe na aongeze Bhojpur, kilomita 28 hivi kutoka Bhopal. Hapo pana hekalu la mungu Shiva linalohusishwa na Mfalme Bhoja wa karne ya 11, ambalo ujenzi wake haukukamilika. Ndani limesimama jiwe la ibada lenye urefu wa zaidi ya mita mbili, lililochongwa kutoka katika mwamba mmoja, na watu huliabudu hadi leo. Nyuma ya hekalu bado ipo tuta la udongo lililotumika kupandishia mawe makubwa, na katika miamba ya jirani mafundi waliacha ramani za ujenzi zilizochorwa kwa patasi: nguzo, kuta na sehemu za paa ambazo hazikujengwa.