MAJARIBIO YA DAWA HOSPITALINI: MGONJWA SI PANYA

Watu wengi wakisikia kwamba hospitali fulani inafanya majaribio ya matibabu kwa wagonjwa, hushtuka wakasema, "Je, mtu amekuwa panya?" Napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu kwa ufupi jinsi mambo yalivyo, nikitumia mfano wa saratani ya umio.

Umio ni mrija upelekao chakula kutoka kooni mpaka tumboni. Chembe zake zikianza kukua ovyo, njia huziba kidogo kidogo: kwanza hukwama ugali, kisha uji, mwishowe hata maji. Maradhi haya yanapatikana sana katika Afrika Mashariki, na wagonjwa wengi hufika hospitali wamechelewa.

Basi majaribio ni nini? Ni swali linaloulizwa kwa utaratibu, kwa kuwa madaktari wenyewe hawana hakika ni njia ipi iliyo bora. Kwa mfano, kuanzia mwaka 2004 hadi 2008 madaktari wa Uholanzi waliuliza hivi: mgonjwa ambaye saratani yake haijaenea mwilini apasuliwe tu, au kwanza apewe dawa na mionzi kwa majuma matano, ndipo apasuliwe? Wagonjwa 366 waligawanywa mafungu mawili kwa bahati nasibu, ili fungu moja lisijae wenye nguvu na jingine wadhaifu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2012. Waliopasuliwa tu, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 24. Waliotangulia kupewa dawa na mionzi, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 49. Faida hiyo ilijulikana kwa sababu watu wale walikubali kuingia.

Mwaka jana baba yangu mkubwa aliulizwa kama angependa kuingia katika majaribio ya maradhi hayo. Wazee waligawanyika; wengine walisema anauzwa. Mimi nilipewa kazi ya kuwasomea karatasi zake. Ndipo tulipofahamu kwamba halazimishwi mtu, na kwamba aliyeingia aweza kutoka siku yoyote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Haki hizo zimo katika Azimio la Helsinki la mwaka 1964, walilolitoa madaktari wa dunia. Tena, utafiti hauanzi mpaka kamati ya maadili iupitishe.

Lakini hatari nazo zipo. Dawa mpya yaweza kudhuru, na mgonjwa aweza kuangukia fungu lisilopata nafuu zaidi. Kwa hiyo baba mkubwa alimwuliza daktari: Nisipoingia nitatibiwaje? Madhara ni yapi? Nauli na vipimo atalipa nani? Nikidhurika nitatunzwa na nani? Alipojibiwa yote, alifikiri siku tatu, kisha akatia sahihi kwa mkono wake mwenyewe.

Wanafunzi wenzangu, sisi tuliojaliwa kusoma ndio macho ya wazee wetu. Mzee akileta karatasi ya hospitali, tumsomee polepole mpaka mstari wa mwisho, wala tusimwamulie. Na akianza kulalamika kwamba chakula kinamkwama, tusingoje mpaka uji nao ukwame. Tumpeleke hospitali mapema, kwani saratani ambayo haijaenea ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi ya kutibika.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne